Mafuta ya alizeti sikioni: video inasema ndiyo, sikio linasemaje?

Sikio la mwanangu linatoa usaha. Kuna video inasema nichemshe kitunguu saumu kwenye mafuta ya alizeti, nimdondoshee. Nifanye?

Usifanye, mama. Usaha ukitoka, mara nyingi ngoma ya sikio imetoboka, na unachomimina kinapita kwenye tundu hilo hadi sikio la kati. Hapa Dodoma alizeti haikosekani jikoni, ndiyo maana ushauri huo unakubalika upesi. Futa usaha wa nje kwa kitambaa safi, maji yasiingie anapooga, kisha mpeleke kituo cha afya. Ukiachwa wiki mbili na kuendelea, unaweza kugeuka ugonjwa sugu na usikivu ukapungua. Mtoto mwenyewe halalamiki. Shuleni ataambiwa mkaidi, haitikii akiitwa.

Mbona video hiyo imetazamwa na watu wengi mno?

Imewavutia, basi. Watafiti wanaopima video za afya hutumia, miongoni mwa vipimo vingine, dodoso la maswali 16 liitwalo DISCERN, ingawa liliandaliwa kwa ajili ya maandishi. Linauliza mambo kama haya: taarifa zimetoka wapi? Madhara ya tiba yametajwa? Usipotibiwa itakuwaje? Mimi hutega sikio kwa jambo moja: je, msemaji ametaja nani asijaribu anachofundisha? Asipotaja, naiacha. Simu haijachungulia sikio lako.

Kwa hiyo mafuta ni mabaya siku zote?

La. Mdudu akiingia sikioni, matone ya mafuta ya kula, yasiyo ya moto, humuua na huweza kumwelesha atoke. Hiyo ni kwa sikio ambalo halijawahi kutoboka wala kutoa usaha. Mafuta ni yaleyale, masikio ndiyo tofauti, na video ya sekunde thelathini haina nafasi ya kusema hivyo.

Na ule mshumaa wenye tundu, unaowashwa sikioni ukavuta uchafu?

Uchome ukiwa mezani, mbali na sikio la mtu yeyote. Utakuta ndani yake uchafu uleule wa kahawia. Ni nta ya mshumaa. Kinachobaki kwa mgonjwa ni hatari ya kuungua.

Vumbi letu je? Nisafishe kwa vijiti vya pamba?

Nta ya sikio ndiyo inayonasa vumbi, na kwa kawaida hutoka yenyewe. Ukitoa kijiti, ncha ina rangi ya kahawia, unafurahi. Nta iliyobaki umeisukuma ndani. Njiti ya kiberiti ni mbaya zaidi.

Nimeamka leo, sikio moja halisikii kabisa. Haliumi. Nitafute video gani?

Hakuna. Huenda ni nta tu, lakini usikivu ukipotea ghafla, ndani ya siku tatu au chini ya hapo, inaweza kuwa dharura ya sikio la ndani, na dawa hufaa zaidi zikianza mapema. Nenda hospitali leo, usisubiri Jumatatu.