Jumla ya mwanga kwa siku: miche ya pilipili chini ya taa, Lubumbashi

Kuanzia wiki ya tatu ya mwezi wa nane, chumba changu cha nyuma hapa Katuba huwaka taa saa ambazo majirani wamelala. Mama mmoja wa lupango (kiwanja cha nyumba) ya pili aliwahi kuniuliza, kwa upole, kama nyumbani kuna mgonjwa. Nikamkaribisha aone: trei mbili za miche ya pilipili, moja ya bilinganya, na taa nyeupe imening'inia kwa kamba juu yake. Akainama, akatazama kwa muda, kisha akasema: "Sasa Agronomu, jua lote hili la Mungu halitoshi?"

Jua linatosha, mama, tena linabaki. Hata siku fupi kabisa ya mwaka, mwezi wa sita, hapa kwetu ina saa 11 na nusu hivi za mchana, na kiangazi hakina mawingu. Mashauri mengi ya taa za mimea yaliandikwa kwa watu wa Ulaya na Marekani ya kaskazini, ambao huko nje kumeganda barafu, mchana ni saa nane au tisa tu, nao wanangoja baridi ipite. Sisi tunangoja mvua. Tunachokosa ni mahali ambapo mche mchanga unaweza kukaa kwenye jua hilo bila kufa. Usiku wa mwezi wa nane bado una baridi, upepo wa mchana ni mkavu na umejaa vumbi, kijishimo cha trei chenye udongo wa kijiko kimoja kinakauka kabla ya saa sita, na kuku hawajui mche ni nini. Ukiwa na mtu wa kushinda nyumbani, akinyunyizia maji na kusogeza kivuli, huna haja ya taa. Mimi natoka saa moja asubuhi na kurudi jioni.

Na pilipili haina haraka. Tangu mbegu mpaka mche wa kupandwa shambani ni wiki nane hadi kumi. Nyanya ni nne hadi sita tu. Mvua zetu hushika sawasawa mwezi wa 11, kwa hiyo hesabu ya kurudi nyuma inaangukia mwishoni mwa mwezi wa nane au mwanzoni mwa wa tisa. Anayesubiri mvua ndipo atie mbegu ardhini, anavuna mvua ikiwa inaaga.

Sasa nije kwenye jambo lililonichukua miaka kulielewa. Mche ni kama kibarua wa kutwa: hauulizi malipo yametoka saa ngapi, unauliza jioni umepata kiasi gani. Mwanga unaolisha mmea huhesabiwa kwa fotoni, yaani chembe za mwanga, na kipimo cha jumla ya siku ni moli (fungu moja kubwa sana la chembe hizo) kwa kila mita mraba. Miche ya pilipili na nyanya inakwenda vizuri ikipata moli 10 hivi kwa siku. Nje, siku ya kiangazi isiyo na wingu, zinashuka karibu 40. Ndani ya nyumba, hatua mbili kutoka dirishani, mara nyingi hata moja haitimii. Macho yetu yanatudanganya, kwa sababu mboni hupanuka na kuzoea. Tunaona chumba kina mwanga mzuri wakati mche una njaa. Ndiyo maana unarefuka, mwembamba na mweupe kama uzi, ukielekea dirishani kutafuta. Wengi wanasifu kwamba umekua haraka.

Taa gani? LED nyeupe za kawaida, zile zilizoandikwa 6500 K, yaani mwanga mweupe kama wa mchana. Klorofili, ile rangi ya kijani ya majani inayonasa mwanga, inapenda sana mwanga wa buluu na mwekundu, na taa nyeupe inao wote wawili, pamoja na kijani ambacho nacho hakipotei bure. Nilianza na taa ya zambarau niliyonunua mjini kwa bei ya kuumiza. Kwenye boksi iliandikwa wati 1000. Nilipoiunganisha na kipimo cha umeme ilikuwa inakula wati 22. Miche yangu ya mwaka ule ililala yote kwa wiki ya tatu, na nilikuwa nimeshawaahidi watu wanne. Tangu siku hiyo sisomi boksi, napima. Kwa trei ya nusu mita kwa nusu mita natumia wati 40 za kweli, taa ikiwa sentimita 15 hivi juu ya majani, nikiipandisha kadiri miche inavyokua. Hapo napata takriban mikromoli 200 (mikromoli ni sehemu ya milioni ya moli) kwa sekunde kwa kila mita mraba. Zidisha kwa sekunde 3600, kisha kwa saa 14: moli 10.

Umeme wenyewe, sote tunaujua. Delestaji, yaani mgao wa umeme, haina kalenda. Lakini ukishaelewa kwamba kinachohesabiwa ni jumla ya siku, hofu inapungua. Mtaani kwetu mara nyingi umeme unarudi usiku mzito, saa nne mpaka alfajiri. Basi taa zangu zinawaka usiku, pilipili hainung'uniki. Saa nane za umeme zinanipa karibu moli 6. Zilizobaki nazidai kwa jua: trei zinakaa nje saa moja na nusu asubuhi hadi saa tatu, kabla jua halijawa kali, na saa hiyo moja na nusu inaleta kama moli 4. Siku hizo mdogo wangu ndiye anayezitoa na kuzirudisha ndani, mimi nikiwa kazini. Deni limelipwa. Usijaribu tu kufidia kwa kuwasha mfululizo saa 24. Nyanya hasa zinahitaji giza, angalau saa sita. Zikinyimwa, majani hugeuka manjano na mche hudumaa.

Mwenye sola anaweza kufanya vizuri zaidi. Wati 40 kwa saa 14 ni Wh (wati-saa) 560. Batri ya asidi ya volti 12 na Ah (ampea-saa) 100 ina Wh 1200, lakini usiishushe chini ya nusu ikiwa unataka idumu, kwa hiyo inatosha kabisa. Nunua LED za volti 12 uziunganishe moja kwa moja, maana inveta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa batri uwe kama wa ukutani, nayo inakula sehemu yake.

Kabla ya mwanga kuna joto. Mbegu ya pilipili huota vizuri kati ya nyuzi 25 na 30. Chini ya 15 inakaa tu, na udongo ukiwa na maji mengi inaoza. Hapa nawaomba kitu kwa moyo wote: msiingize mbabula, yaani jiko la makala (mkaa), chumbani kwa ajili ya miche. Makala yanatoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu, na watu wanalala wasiamke. Hata miche inaumia, kwa sababu moshi wa makala una gesi ya ethilini, na jani la nyanya likiipata hujikunja kuelekea chini kama limenyauka huku udongo una maji. Mimi naweka trei ndani ya katoni, pembeni bidoni mbili za lita tano zenye maji ya moto, juu blanketi la zamani. Asubuhi ndani bado kuna uvuguvugu. Mbegu haihitaji mwanga mpaka itoke.

Siku ya nane hadi ya kumi na mbili, fungua katoni kila asubuhi. Mche wa pilipili hautoki na kichwa juu. Kwanza unaona shingo, imepinda kama mpini wa mwavuli, nyeupe yenye kijani kidogo, ikisukuma punje za udongo pembeni. Mwanga unapoigusa ndipo inanyooka na kuvuta majani mawili ya kwanza kutoka chini. Hapo hapo taa iwashwe. Siku moja ya giza baada ya kutoka inatosha kuurefusha mche vibaya. Wakati mwingine majani yanabaki yamebanwa ndani ya ganda la mbegu, kama kofia iliyogoma kuvuka. Usivute. Tone la maji ncha ya kidole, uguse ganda, usubiri nusu saa, urudie. Linalainika na kuanguka lenyewe.

Maji yawekwe kwenye sahani chini ya trei, yapande yenyewe, na juu pabaki pakavu. Hiyo ndiyo kinga kubwa ya kinyausi, ule ukungu unaokata shingo ya mche usawa wa udongo. Udongo wa kichuguu ni mzuri, ila kwetu una chokaa nyingi, kwa hiyo kwangu hauzidi sehemu moja kati ya tano.

Mwisho wa mwezi wa kumi miche inaanza kuzoeshwa jua kamili, na hapa wengi hupoteza kazi yote. Jua la saa sita linafika mikromoli 2000, mara kumi ya taa yangu. Jani lililolelewa ndani hupata mabaka meupe siku hiyo hiyo. Siku kumi, kwanza chini ya mwembe, kisha jua la asubuhi tu, kisha mchana.

Mvua ya kwanza nasubiri ipite. Mara nyingi inafuatwa na wiki mbili kavu, tena za joto kali kuliko zote za mwaka. Nachimba kwa mkono: unyevu ukifika kina cha kiganja pamoja na vidole, na mawingu yakirudi siku tatu mfululizo, nabeba trei saa kumi na moja jioni na kupanda mpaka giza linaingia. Kisha nashusha taa, naifuta vumbi, naifunga kwenye kitambaa hadi mwezi wa nane.