Hendra Setiawan na dhana potofu kuhusu mabingwa wa wawili wawili

Hendra Setiawan wa Indonesia alistaafu Januari 2025, akiwa na miaka 40 na mataji manne ya dunia (2007, 2013, 2015 na 2019) ya mpira wa vinyoya, wanaume wawili wawili. Ukiwasikiliza watu wakieleza bingwa wa aina hii hupatikanaje, mengi hayalingani na kinachotokea uwanjani.

"Mshindi ni mwenye smashi kali"

Rekodi ya smashi (pigo kali la kushindilia kinyoya chini), kilomita 565 kwa saa, ni ya Satwiksairaj Rankireddy wa India, na ilipimwa 2023 kwenye jaribio maalumu, si mechini. Kinyoya kina gramu tano hivi na manyoya 16 yanayoshika hewa. Kasi hiyo ni ya pale kinapotoka kwenye nyuzi za raketi. Kikifika ng'ambo kimeshapoa sana, na kinasubiriwa na watu wawili. Smashi nyingi hurudishwa. Pointi huchukuliwa na yule anayelipokea jibu karibu na wavu, na hapo ndipo Hendra alipotamba: raketi juu, mshiko umelegea, vidole vinakaza pale tu kinyoya kinapogusa nyuzi. Anayeuvuta mkono nyuma kwanza huchelewa.

"Kuanzisha ni kukivusha tu kinyoya"

Dhana hii ndiyo huwagharimu wachezaji wengi, hasa wanaotoka kwenye tenisi, ambako anayeanzisha ndiye mwenye nguvu. Huku ni kinyume. Tangu 2018, kinyoya chote kinapopigwa lazima kiwe chini ya mita 1.15 kutoka sakafuni, na wavu katikati una mita 1.524. Maana yake unapiga kuelekea juu, mbele ya mtu anayengoja kukishindilia chini. Tena kinatakiwa kivuke mstari ulio mita 1.98 kutoka kwenye wavu, lakini kisipite ule ulio sentimita 76 kabla ya mwisho wa uwanja.

Wengi huanzisha kwa upande wa nyuma wa mkono: unakishika kinyoya kwa ncha za manyoya, mbele ya kiuno, halafu unakisukuma kwa kidole gumba, mkono haurushwi. Kilele cha safari yake kiwe upande wako wa wavu, ili kikivuka kiwe kinashuka. Kilele kikihamia ng'ambo, hata kwa inchi chache, mpokeaji anakiua. Na ukimzoesha kinyoya kifupi kila mara, atakurukia. Ndiyo maana mara mojamoja, kwa mkao uleule, unakifyatua ghafla juu hadi nyuma yake.

"Ukimpoteza mwenzako, umekwisha"

Akiwa na Markis Kido, Hendra alichukua taji la dunia 2007, kisha dhahabu ya Olimpiki ya Beijing 2008 kwa kuwafunga wenyeji Cai Yun na Fu Haifeng 12-21, 21-11, 21-16. Mataji mengine matatu ya dunia aliyapata na Mohammad Ahsan. Katikati waliachana, 2017 Hendra alicheza na Tan Boon Heong wa Malaysia, kisha akarudiana na Ahsan 2018.

Kinachosumbua ukibadilisha mwenza ni kinyoya cha katikati. Mkiwa ubavu kwa ubavu mnazuia, aliye upande wa mpigaji hulinda mstari wa pembeni, kwa hiyo katikati ni kwa yule wa mbali. Msipoafikiana, mnagonganisha raketi, au mnatazamana huku kinyoya kinaanguka.

"Baada ya miaka 30 ni kushuka tu"

Fainali ya dunia ya Basel 2019 ilichezwa siku Hendra anatimiza miaka 35. Alishinda.

"Na Ahsan walibeba kila kitu"

Medali ya Olimpiki hawakuipata pamoja. Rio 2016 walitolewa hatua ya makundi. Tokyo walipoteza mechi ya shaba mbele ya Aaron Chia na Soh Wooi Yik, Wamalaysia ambao Hendra na Ahsan waliwafunga katika fainali ya All England 2019 (mashindano makubwa ya mchezo huu huko Uingereza), Hendra akiwa na maumivu ya kigimbi: 11-21, 21-14, 21-12. Vijana hao hao wakawanyima tena taji la dunia 2022, siku tatu baada ya Hendra kutimiza miaka 38.