Saa ya Kiswahili kwenye skrini

Napamba skrini za kompyuta tangu enzi za Winamp, ile programu ya kupigia muziki kwenye kompyuta, na siku hizi nawafundisha vijana kazi hiyo hapa Ngamiani, Tanga. Wenzangu wa zamani wanalalamika kwamba zana zikiwa rahisi, kazi huharibika. Mimi sikubali.

Skini ya Winamp, yaani vazi la kuibadilisha sura, ilikuwa faili la zip lililojaa picha. Dirisha kuu lilikuwa na pikseli 275 kwa 116, na kila kitufe ulikichora kwa mkono wako. Kazi ngumu kweli. Lakini nimeziona skini nyingi za wakati ule ambazo hujui kipi kitufe cha kupiga muziki, kipi cha kuuzima. Ule ugumu uliwachuja wasio na subira. Wasio na jicho walipita.

Sasa tuna Rainmeter, programu ya kuweka saa na mapambo mengine kwenye skrini ya Windows: unabofya kifurushi mara mbili, saa imeshakaa kwenye skrini. Mwanafunzi wangu mmoja aliweka saa ya namna hiyo, kisha akaniuliza, "Mwalimu, mbona inasema saba, na nyumbani tunasema saa moja?"

Tukafungua faili la .ini, lenye maagizo ya skini hiyo. Tanzania iko saa 3 mbele ya UTC, saa ya kimataifa, na hesabu yetu ya Kiswahili iko saa 6 nyuma ya hiyo ya kwenye kompyuta. Kwa hiyo, 3 kutoa 6, mstari mmoja ulitosha: TimeZone=-3.

Kesho yake aliwasha kompyuta alfajiri, akakuta tarehe ya jana. Tarehe nayo ilikuwa inafuata mstari uleule, haibadiliki mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Tukaitenga. Halafu yakaja maneno ya nyakati za siku: asubuhi inaishia wapi? Jioni inaanza lini? Bibi yake alimwambia, "Mjukuu wangu, saa kumi ni alasiri, jioni bado." Akaandika alasiri. Hapo alihangaika siku nne nzima, na naziheshimu siku hizo nne kuliko saa zote nilizotumia kuchora vitufe.

Wapo wanaobofya tu, hilo nalijua. Nimewahi kukuta saa isiyoonyesha hata sekunde, lakini ndani imeandikwa Update=16, yaani kila milisekunde 16, inajisasisha mara 60 hivi kila sekunde, kwenye laptopu kuukuu ambayo betri yake haifiki adhuhuri. 1000, yaani mara moja kwa sekunde, ingetosha kabisa. Aliyeiweka hakuwahi kuchungulia ndani ya faili, na ugomvi wangu naye ni huo tu, kubofya simlaumu.

Ndiyo maana darasani sipokei skini ambayo mwenyewe hawezi kunieleza mstari kwa mstari. Yule kijana alieleza yote, na kila mstari ameuwekea maelezo ya Kiswahili ndani ya faili. Juzi nimemkuta akimwonyesha mdogo wake pa kugusa ili saa iseme "magharibi".