Shira ya ukwaju: kinywaji cha oro kisichogeuka pombe

Wateja wangu hapa Kisumu hawafanani, ila swali lao la kwanza ni moja. Mama wa Kiadventista anayepanga harusi ya bintiye na familia ya Kiislamu inayoagiza vinywaji vya kufuturia mwezi wa Ramadhani, wote huniuliza kabla hata ya kutaja bei: "Una hakika hakina kileo?" Nilisomea teknolojia ya vyakula kabla sijaanza kutengeneza vinywaji vya sherehe, na mimi hulichukua swali hilo kwa uzito wote. Mtu anaweza kukamua matunda kwa mikono safi, asitie tone la pombe, na kesho yake akajikuta ana kileo kwenye jagi. Pombe haihitaji kuletwa. Ukiiachia nafasi, inajitengeneza.

Mimi niliiachia nafasi hiyo, nikapoteza lita 60. Mama mmoja wa Ahero alikuwa amenipa kazi ya harusi. Ilikuwa Jumapili, na kwa kuwa Sabato inaingia Ijumaa jua linapozama, alitaka kila pishi linalowezekana likamilike kabla ya hapo. Nikakubali. Ijumaa mchana nikachanganya ukwaju, maji, sukari na maji ya tangawizi mbichi iliyotwangwa, nikajaza mitungi mitatu ya plastiki ya lita 20 na kuipanga kwenye stoo ya mabati. Ilikuwa Februari. Jumapili alfajiri nikakuta mitungi imevimba mbavu. Nilipofungua mmoja, povu likaruka hadi kwenye nguo. Mama akaonja kijiko kimoja, akanitazama kwa upole ulionichoma kuliko matusi. "Nyathina," akasema, yaani mwanangu, "hii imeshachacha." Tuliimwaga yote nyuma ya nyumba. Pesa zake nilimrudishia, lakini aibu niliyomtia mbele ya wageni wake sikuwa na namna ya kuirudisha. Tangu siku hiyo sijachanganya kinywaji cha matunda kikalala.

Kilichotokea kinaeleweka vizuri. Hamira za asili zimo kwenye maganda ya matunda, zimo hewani, na zimejaa kwenye ngozi ya tangawizi. Wapo watu wanaochukua tangawizi mbichi na sukari makusudi ili kuanzisha uchachu wa soda za nyumbani. Hamira hizo zikipata sukari iliyoyeyuka kwenye maji mengi, huila na kutoa vitu viwili: gesi ya kaboni dioksidi, ndiyo iliyovimbisha mitungi yangu, na kileo. Joto la nyuzi 30, ambalo kwetu ni la kawaida mchana wa oro, yaani kiangazi kwa Kiluo, linazifaa sana. Friji hupunguza kasi yake bila kuziua. Kuchemsha huziua, ila nyingine huingia tena kupitia mwiko, chupa na hewa.

Kwa hiyo sasa ninafuata njia ya zamani, ambayo hata jina lake tunalo: shira. Natengeneza maji mazito ya tunda na sukari, nayachemsha, nayahifadhi kwenye baridi. Maji ya kunywa yanakaa peke yake. Vitu hivyo havikutani mpaka mnywaji awe tayari kunywa. Sukari ikiwa nyingi huyashika maji yaliyomo hata hamira zikakosa ya kutumia; ikifika karibu asilimia 65 ya uzito wa shira, hamira nyingi hushindwa kabisa. Shira yangu haifiki huko. Ningeweza kuifikisha, lakini ingekuwa tamu mno na ukali wa ukwaju ungefunikwa, na ukali huo ndio ninaoutafuta. Basi nalipa gharama yake: shira hii lazima ikae kwenye friji.

Kwa nini ukwaju, na si embe au nanasi? Sisi tuko karibu kabisa na ikweta, mstari wenyewe unapita Maseno, na hatuna majira ya joto kama ya Ulaya. Tuna oro, ule ukavu wa kuanzia Desemba hadi mvua za masika, jua linapopiga tambarare ya Kano hadi ardhi inapasuka. Siku kama hizo mwili unataka kitu chepesi chenye ukali. Ukali huamsha mate, mdomo ukalowa, kiu ikatulia. Utamu mzito hufanya kinyume chake: unaacha utando mdomoni, na baada ya muda mfupi unatafuta maji. Kinywaji kizito cha embe nakipenda sana, ila kwangu hicho ni chakula.

Ukwaju una tabia ambayo matunda mengi hayana. Matunda mengi yakiiva, sukari hupanda na ukali hushuka. Ukwaju ukiiva, sukari hupanda, lakini asidi yake, inayoitwa tatariki, haiondoki. Ndiyo maana tunda lililokauka kabisa bado linakukunja uso na wakati huohuo lina utamu wa tende. Waarabu waliliita tamri hindi, yaani tende ya India, ingawa mti wenyewe asili yake ni Afrika. Waluo huuita chwaa, na unavumilia ukame ambao ungeua michungwa.

Pale soko la Kibuye, hasa Jumapili linapofurika, utaupata wa aina mbili: ulio kwenye maganda yake, na uliomenywa ukafinyangwa kuwa madonge. Mimi huchukua wenye maganda kila ninapoupata. Ganda la ukwaju ulioiva huvunjika kwa vidole kama ganda la yai, na ukiutikisa unausikia ukicheza ndani kwa sababu nyama imekauka na kujitenga. Ganda lenye vitundu kama vya sindano liache, wadudu wameshakutangulia. Madonge ni nafuu na yanaokoa muda, lakini yana mchanga mara nyingi na wakati mwingine yametiwa chumvi, kwa hiyo onja kidogo kabla ya kulipa. Rangi nyeusi isikutishe; ukwaju hujigeuza mweusi kadiri unavyokaa.

Kipimo changu ni hiki: nusu kilo ya ukwaju uliomenywa, mbegu zikiwemo, lita moja ya maji, nusu kilo ya sukari, tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba, iliki tano au sita, na chumvi kidogo sana, kiasi cha kushikwa kwa ncha za vidole viwili.

Chemsha maji, epua, kisha uyamimine juu ya ukwaju kwenye bakuli. Usiuchemshe ukwaju pamoja na mbegu zake. Maganda ya mbegu yana ukakasi uleule wa chai iliyokolea kupita kiasi, na moto huutoa wote. Funika dakika 30. Mkono ukivumilia joto, nawa vizuri na uanze kuvuruga kwa vidole, ukiitoa nyama kwenye mbegu na nyuzi taratibu. Hapa usiwe na haraka, kwa maana nyama nyingi hubaki imeng'ang'ania mbegu na watu huitupa. Chuja kwa kichujio cha chuma ukisukuma kwa mgongo wa kijiko. Utapata uji mwepesi wa rangi ya kahawia.

Uji huo uweke kwenye sufuria ya stili au ya enameli. Hili nalirudia kwa kila ninayemfundisha, kwa sababu sufuria zetu nyingi ni za alumini na asidi ya ukwaju huila alumini: kinywaji kinapata ladha ya chuma na sufuria inabaki na madoa. Tia sukari, tangawizi iliyopondwa na iliki zilizopasuliwa, halafu chemsha kwa moto mdogo dakika 15 hadi ibaki karibu lita moja. Tangawizi lazima ipite kwenye moto huu. Najua ladha ya tangawizi mbichi ina makali yanayopendeza zaidi, na kwa glasi unayoinywa papo hapo iweke mbichi bila wasiwasi. Kwa shira inayohifadhiwa, tangawizi mbichi ni kuipandikiza hamira kwa mkono wako mwenyewe. Nililifanya hilo Ahero.

Chumvi tia mwishoni. Haipaswi kuonekana kama chumvi. Kazi yake ni kupunguza uchungu na kuleta utamu mbele, na ndiyo maana sukari kidogo inatosha. Chuja tena ikiwa ya moto, jaza kwenye chupa za kioo ulizozichemsha, funga, acha zipoe, weka kwenye friji. Kwangu hukaa wiki mbili. Kabla ya kila matumizi nafungua kifuniko polepole na kusikiliza. Ikitoa mpumuo wa gesi, naimwaga.

Wengine huniuliza kuhusu sukari nguru, maana tuko kwenye ukanda wa miwa, na kutoka Chemelil hadi Muhoroni huwezi kusafiri bila kulifuata nyuma trekta la miwa. Inafaa, na harufu yake ya kuungua kidogo inapatana na ukwaju. Iyeyushe kwanza na uichuje kwa kitambaa, kwa sababu huja na takataka zake. Kinywaji kitakuwa cheusi zaidi.

Sasa maji, na hapa naomba usikilize kuliko popote. Shira imechemshwa; maji unayoichanganyia ndiyo yanayoweza kumlaza mgeni wako hospitalini. Mji huu unajua kipindupindu ni nini. Chemsha maji mpaka yatokote kwa nguvu dakika nzima, halafu yaache yapoe yakiwa yamefunikwa. Yakionekana yamepooza mdomoni, yamimine mara kadhaa kutoka jagi moja safi hadi lingine yarudishiwe hewa. Barafu nayo ni maji. Kugandisha hakuui vijidudu vyote, vingi hulala tu vikisubiri kuyeyuka, kwa hiyo barafu ya kutiwa ndani ya glasi igandishe mwenyewe kutoka kwenye maji yaliyochemshwa. Barafu ya kununua barabarani itumie kupoza chupa kwa nje.

Kwa glasi moja kubwa, ya mililita 300, mimi huweka vijiko viwili vya mezani vya shira, yaani mililita 30, maji baridi mililita 220, na barafu kujazia. Onja ikiwa baridi, kamwe usionje ikiwa na uvuguvugu, kwa sababu baridi huficha utamu. Kinachoonekana kitamu sawasawa kikiwa vuguvugu kitakuwa kikali mno kikipoa. Kamua robo ya ndimu juu yake wakati huohuo wa kunywa, maana harufu ya ndimu haikai. Jani la nanaa lipige kofi moja viganjani na ulidondoshe. Ukilisaga linatoa uchungu wa majani mabichi. Anayetaka mapovu atumie maji yenye gesi yaliyopoa sana, ayamimine mwisho, polepole.

Glasi hiyo ina gramu 15 za sukari niliyotia mimi, mbali na ile kidogo iliyomo kwenye ukwaju wenyewe. Soda ya kola ya ujazo huohuo ina zaidi ya 30. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya namna hii, ikiwemo ya juisi, isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayopata kwa siku, ambayo kwa mtu mzima wa kawaida ni kama gramu 50. Kwa mwenye kisukari hata glasi yangu si ndogo, na wageni kama hao huwawekea jagi la ukwaju uliokamuliwa bila sukari, iliki tu na chumvi. Kuna wasio na kisukari ambao sasa hulikimbilia jagi hilo.

Asiye na friji atengeneze robo ya kipimo na aimalize kwa siku mbili. Maji yake ayapoze kwenye mtungi wa udongo, ule dapi wa bibi zetu, uwekwe kivulini penye upepo. Maji hupenya udongo kidogo kidogo, yakikauka kwa nje huondoka na joto la yaliyobaki ndani. Wakati wa oro hewa ni kavu na mtungi hufanya kazi vizuri; mvua zikianza, utaona maji yanakaribia kuwa ya kawaida.

Lita moja ya shira hutoa glasi 33. Wageni 200 wakinywa glasi mbilimbili wanahitaji lita 12, mzigo unaoingia kwenye kasha moja la kupozea. Nilibeba hizo 12 kwenda Ahero mwaka jana, kwa yule mama yuleyule, alipokuwa akimwoza binti wa pili. Nilizifikisha Ijumaa mchana kabla ya Sabato. Zikakaa kwenye barafu Jumamosi yote, chupa zimefungwa, na maji yaliyochemshwa yakiwa pembeni kwenye mitungi yake. Jumapili saa saba wageni walipotoka kanisani ndipo tulipoanza kuchanganya. Mama alionja wa kwanza, akiwa amesimama, wenzake wakimtazama. Akaniambia niongeze ndimu.