Kufuatilia ziwa si kulipima mara moja

Nilikaa kwenye kikao kimoja cha mwaloni, upande wa Ghuba ya Mwanza, Ziwa Victoria, wavuvi na akina mama wa dagaa wakiuliza kwa nini maji yamegeuka kijani. Mtaalamu aliyetumwa aliwajibu kwa upole: "Tumefanya ufuatiliaji wa ubora wa maji na tumejiridhisha kwamba ziwa ni salama." Alikuwa amefika jana yake mchana, akajaza chupa nne pale gatini, akaondoka. Watu walimshukuru, kikao kikafungwa. Mimi nilitoka na lile neno, ufuatiliaji, moyoni. Nimelisikia likitumiwa hivyo redioni na kulisoma kwenye mabango ya miradi, na sasa naona bora nilieleze.

Kwa ufupi, ufuatiliaji wa ubora wa maji ni kupima mambo yaleyale, mahali palepale, kwa njia ileile, tena na tena kwa miaka, ili mabadiliko yaonekane. Hupimwa joto, oksijeni iliyoyeyuka, uangavu wa maji, pH (kipimo cha uasidi), fosforasi na nitrojeni, klorofili inayoonyesha wingi wa mwani, na bakteria wa kinyesi. Tafsiri imekwisha. Tuje kwenye kitenzi, maana hapo ndipo neno linapovunjwa.

Shina lake ni fuata. Mtoto humfuata mama yake sokoni. Likinyumbuliwa tunapata fuatia, yaani kuja baada ya mwingine. Likinyumbuliwa tena tunapata fuatilia, na hapa lugha imefanya jambo la maana sana. Kiswahili kikirudia kauli ya kutendea, mara nyingi kitenzi hupata maana ya kung'ang'ania, ya kutoliachia jambo. Ukishika kitu, unaweza kukiweka chini dakika hiyohiyo; ukikishikilia, hukiachi. Aliyekwenda huenda amefika na kurudi, anayeendelea hajasimama. Kufuatilia kumo katika ukoo huo. Na kila mtu anaijua maana hiyo vizuri pale anapokuwa na shida yake mwenyewe. Ukimwambia jirani, "Nafuatilia hati ya kiwanja," anakuelewa papo hapo: ulikwenda Jumatatu ukaambiwa urudi Alhamisi, Alhamisi mhusika alikuwa safarini, ukarudi wiki iliyofuata na bahasha yako kwapani. Hakuna anayesema amefuatilia hati kwa kupita mlangoni mwa ofisi siku moja. Kwa nini basi ziwa lifuatiliwe kwa chupa nne?

Nadhani neno lilianza kulegea maofisini, pale "ufuatiliaji na tathmini" ilipogeuka jina la fungu la bajeti. Tathmini imetoka kwenye Kiarabu na ni ndugu wa thamani: ni kukadiria jambo lina uzito gani. Unaweza kuifanya mara moja, mradi unapofungwa. Maneno mawili yakitamkwa pamoja kila siku, la kwanza likaishia kuazima tabia ya la pili.

Kwa ziwa, kosa hili linakwenda mbali kuliko sarufi. Chukua oksijeni. Mchana wa jua kali mwani hutengeneza oksijeni kwa wingi, hivyo chupa iliyojazwa saa tisa alasiri kwenye maji ya kijani kabisa inaweza kuonyesha oksijeni tele. Usiku mwani huohuo, pamoja na bakteria wanaoozesha mabaki yake, huitumia. Kabla ya jua kuchomoza, mahali palepale panaweza kuwa pabaya kiasi cha kuua sangara, ambaye havumilii upungufu wa oksijeni. Aliyepima alasiri na aliyepima alfajiri wote wamepima kweli, na namba zao hazifanani.

Ongeza majira. Ziwa Victoria lina eneo la kilometa za mraba zipatazo 68,800, lakini kina chake cha wastani ni kama mita 40 tu. Huko katikati, kuanzia karibu Septemba, maji ya juu yenye joto hulala juu ya maji ya chini yaliyo baridi kidogo, na kwa miezi kadhaa hayachanganyiki vizuri. Ya chini huishiwa oksijeni. Ikifika Juni hadi Agosti, ubaridi na upepo wa kusi huyavuruga yote yakachanganyika. Mtu anayekuja mara moja kwa mwaka, tena Julai, hataliona kamwe ziwa la Machi.

Tunajua kwamba ziwa hili limebadilika kwa sababu kuna waliorudi. Mwaka 1960 na 1961 mwanasayansi Mwingereza, J. F. Talling, alipima maji ya ziwa upande wa Uganda kwa zamu, mwezi baada ya mwezi, akaandika kina, tarehe na namba zake. Miaka kama thelathini baadaye wanasayansi Rose Mugidde na Robert Hecky, pamoja na wenzao, walipima tena na kulinganisha. Mwani ulikuwa umeongezeka mara kadhaa, uangavu wa maji umepungua, na maji ya kina yalikosa oksijeni katika eneo kubwa zaidi kuliko zamani. Bila daftari la Talling, namba za miaka ya 1990 zingekuwa namba tu. Mzee angesema, "Maji ya zamani yalikuwa maangavu," na kijana angemjibu kwamba wazee husema hivyo kila siku.

Wala usidhani kazi hii inahitaji maabara kila mara. Padri Angelo Secchi, mwanaastronomia wa Italia, alitumia mwaka 1865 kisahani cheupe kilichofungwa kamba, akakishusha baharini kutoka kwenye meli ya Papa hadi kilipopotea machoni. Kwenye maziwa leo hutumika kisahani cha sentimita 20 chenye robo nyeupe na nyeusi. Unaandika kina kinapopotea, unakivuta juu polepole, unaandika kinapoonekana tena, unachukua wastani. BMU yoyote, yaani kikundi cha wanajamii cha kusimamia mwalo, inaweza kuwa nacho. Kinachohitajika ni mtu wa kurudi.

Kuna jambo la pili ndani ya sentensi ya yule mtaalamu: "ziwa ni salama". Salama kwa nani? Chupa yake ilitafuta bakteria wa kinyesi, na ni vyema, lakini maji yasiyo na bakteria hao yanaweza kuwa na sumu inayotolewa na aina fulani za mwani wa bluu-kijani, na sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha. Tena usalama wa maji ya kunywa si afya ya ziwa. Samaki aina ya ningu walipungua vibaya kwenye ziwa hili kufikia miaka ya 1950, kwa sababu walitegwa kwa nyavu midomoni mwa mito walipokuwa wakipanda kwenda kutaga. Hakuna kipimo cha maji ambacho kingetuambia hivyo. Furu nao, wa mamia ya aina, walipotea kwa wingi miaka ya 1980 sangara walipotapakaa. Kwa hiyo anayefuatilia afya ya ziwa huhesabu pia walio hai: samaki gani wapo, wadudu gani wa kwenye tope, magugumaji yamefika wapi. Ghuba ambamo kamongo na kambale wanastawi huku wengine wakitoweka inatoa habari kuhusu oksijeni, maana hao wawili huweza kuvuta hewa ya juu.

Kwa yule ndugu wa kikaoni, ambaye naamini alikuja kwa nia njema, neno alilolihitaji ni "tumepima". Ni neno zuri na halimpunguzii heshima. Angesema: tumepima jana saa nane mchana, gatini, kwenye maji ya juu, na bakteria wa kinyesi hawakuonekana. Wavuvi wangemwelewa vizuri zaidi, na yule mama aliyeuliza kuhusu rangi ya kijani angejua kwamba swali lake bado halijajibiwa. Akirudi mwezi ujao gati lilelile, saa ileile, na alfajiri moja pia, akiwa na daftari la safari hii mkononi, hapo atakuwa ameanza kufuatilia.