Hija na Biashara: Yanayosemwa na Yaliyokuwa

Msimu wa hija ukikaribia, Kariakoo ihramu huning'inizwa madukani, mawakala hushindana kwa vifurushi, na barazani husikika lilelile: "Hija ya siku hizi biashara tupu!"

Dhana: Zamani watu walihiji tu, biashara imeingia juzi.

Ukweli ni kwamba kabla hata ya Uislamu, Waarabu walipitia kwanza masoko ya Ukadh, Majanna na Dhul-Majaz, ndipo wakaenda kwenye ibada. Uislamu ulipokuja, baadhi ya Waislamu waliona vibaya kufanya biashara msimu ule. Jibu limo katika Suratul Baqara, aya ya 198: si kosa kutafuta fadhila za Mola. Na bila biashara wangefikaje? Safari ilichukua miezi, benki hakuna. Mtu alibeba vitambaa au viungo, akauza kidogo kidogo njiani kulipia ngamia na chakula. Wenye uwezo wa Mansa Musa, mfalme wa Mali aliyemwaga dhahabu Cairo mwaka 1324 hadi bei yake ikashuka, walikuwa wachache mno.

Dhana: Hayo ni ya Waislamu.

Hata kidogo. Canterbury, Uingereza, alikouawa askofu mkuu Thomas Becket mwaka 1170, mahujaji waliondoka na vichupa vya maji yaliyosemekana kuwa na damu yake. Wanaokwenda Namugongo, Uganda, kuwakumbuka mashahidi kila 3 Juni wanawajua wachuuzi wa rozari.

Dhana: Yesu alipindua meza za wabadili fedha hekaluni, kwa hiyo biashara na ibada havikai pamoja.

Wale wabadili fedha walikuwa na kazi ya kweli: kodi ya hekalu ililipwa kwa fedha ya mji wa Tiro, na mtu aliyetoka mbali asingeweza kuswaga kondoo wa sadaka njia nzima. Alichowaambia Yesu ni kwamba wameigeuza nyumba ya sala kuwa "pango la wanyang'anyi". Kwa maoni yangu, hilo ni neno zito kuliko "soko".

Dhana: Mawakala wa hija ni uzushi wa leo.

Mwaka 1886 serikali ya Uingereza nchini India iliipa kampuni ya usafiri ya Thomas Cook kazi ya kusafirisha mahujaji. Sababu? Mahujaji walikuwa wakirundikwa melini, wakilaghaiwa na madalali, wengine wakikwama Jeddah bila nauli ya kurudia. Ndiyo maana, kabla hujalipia kifurushi, ulizia kibali cha wakala na tiketi ya kurudi.