Mjumbe wa bunge la jimbo aliyetoka polisi: maana yake na mwendo wa kazi yake

Kila moja ya majimbo 50 ya Marekani lina bunge lake, na wajumbe wa mabunge hayo wote kwa pamoja wanazidi 7,000. Jimbo hapa ni lile la shirikisho, kama New York au Texas, lenye katiba yake, gavana wake na sheria zake za jinai. Miongoni mwa wajumbe hao wamo waliovaa sare kwa miaka mingi kabla ya kuomba kura: askari polisi wa mijini, askari wa masherifu, yaani wakuu wa polisi wa kaunti, na askari wa doria ya barabara kuu. Hao ndio wanaokusudiwa inaposemwa kwamba mjumbe fulani ametoka kwenye vyombo vya sheria.

Mtanzania au Mkenya, aliyezoea jeshi moja la polisi la taifa chini ya Inspekta Jenerali, anaweza kujiuliza mjumbe wa jimbo ana kauli gani juu ya polisi. Anayo kubwa. Marekani ina vyombo vya polisi vipatavyo 18,000, vingi vikiwa vya miji na kaunti, na makosa mengi, tangu wizi hadi mauaji, hushtakiwa kwa sheria za jimbo. Kwa hiyo bunge la jimbo ndilo huweka mipaka ya askari kutumia nguvu, hupanga mafunzo ya chini anayopaswa kupata, na huweza kuamua nani asiruhusiwe tena kuwa askari, kama California ilivyofanya mwaka 2021 kwa sheria ya kumfutia cheti askari aliyetenda utovu mkubwa wa nidhamu.

Njia ya kufika bungeni mara nyingi hupitia kwenye pensheni, jambo ambalo kwa maoni yangu halipewi uzito unaostahili. Katika majimbo mengi ujumbe wa bunge haumtoshi mtu kuishi: Texas hulipa dola 600 kwa mwezi, na New Hampshire dola 100 tu kwa mwaka. Askari aliyeanza kazi akiwa kijana anaweza kustaafu angali na miaka arobaini na kitu, akiwa na malipo ya uzeeni yasiyokatika, na hivyo kuimudu kazi ambayo mwalimu au fundi wa umri wake angelazimika kuikataa.

Eric Adams wa New York ni mfano ulio wazi. Alizaliwa mwaka 1960, akaingia polisi ya jiji mwaka 1984, na mwaka 1995 akashiriki kuanzisha chama cha askari weusi waliodai polisi waache ubaguzi. Alistaafu akiwa kapteni mwaka 2006, na mwaka huohuo akachaguliwa kuwa seneta wa jimbo. Wakati ule polisi wa jiji walikuwa wakiwasimamisha na kuwapekua watu barabarani kwa wingi, na kila tukio lilijaziwa fomu. Majina na anwani za waliosimamishwa, wakiwemo wasiokutwa na kosa lolote, yalibaki kwenye kompyuta za polisi. Adams alijua fomu ile hujazwaje na huishia wapi. Mwaka 2010 aliudhamini katika Seneti muswada wa kuzuia kutunzwa kwa taarifa za watu wasiokamatwa, na Gavana David Paterson akautia saini. Mwaka 2013 alitoa ushahidi mahakamani kwamba katika kikao kuhusu muswada huo mkuu wa polisi, Ray Kelly, alisema vijana weusi na Walatino, yaani wenye asili ya Amerika ya Kilatini, walilengwa ili waingiwe na hofu. Kelly alikanusha. Baadaye mwaka huohuo jaji aliamua kuwa upekuzi ule, kwa jinsi ulivyofanywa, ulivunja katiba.

Ni kosa, hata hivyo, kudhani kwamba sare humpeleka kila mtu upande mmoja. Jim Cooper, Mdemokrati kama Adams, alitumikia ofisi ya sherifu wa kaunti ya Sacramento kwa takriban miaka 30, naye pia akafika cheo cha kapteni, kisha akaingia Bunge la California baada ya uchaguzi wa 2014. Yeye alikuwa miongoni mwa vinara wa pendekezo la kukaza adhabu za baadhi ya makosa ya wizi, ambalo wapiga kura walilikataa mwaka 2020. Mpiga kura makini, basi, hatosheki na cheo cha zamani cha mgombea. Huuliza ni miswada gani ameidhamini, na vyama vya polisi vimemchangia kiasi gani. Swali hilo la pili lina uzito wa pekee, kwa kuwa mjumbe wa namna hii huweza kupigia kura nidhamu na maslahi ya watu aliofanya nao kazi.

Mwendo huu wa kazi hauishii bungeni pia. Adams aliendelea hadi kuwa meya wa jiji la New York mwaka 2022. Cooper alirudi alikotoka: mwaka huohuo alichaguliwa kuwa sherifu wa Sacramento, na sasa askari wake hutekeleza sheria ambazo baadhi yake zilipitishwa yeye akiwa ndani ya ukumbi wa bunge.